Chumvi Haitoshi: Kaboni Ngumu na Suala la Ujuzi katika Betri za Sodiamu

UTANGULIZI

Katika miaka ya karibuni umeenea usemi miongoni mwa vijana wa vyuoni, na hata miongoni mwa baadhi ya makada, kwamba betri za sodiamu zitavunja ukiritimba katika nishati. Hoja yenyewe ni fupi. Lithiamu ni adimu, ina wenyewe, na bei yake hupangwa mbali na sisi. Sodiamu imo katika chumvi, na bahari ni ya wote. Kwa hiyo, husema wenye hoja hii, nchi yoyote yenye pwani itaweza kujitengenezea betri zake.

Hoja hii ina ukweli nusu. Ukweli nusu ni wa hatari kuliko uongo mtupu, kwa sababu uongo hukanushwa mapema, lakini ukweli nusu watu huukubali na kuupangia mipango.

Makala haya yanakusudia kueleza sehemu moja ya betri hiyo ambayo haitajwi katika usemi huo, nayo ni kaboni ngumu. Tutaonyesha kwamba katika betri ya sodiamu, kilicho rahisi kupatikana ni sodiamu yenyewe. Kilicho kigumu ni nyumba ya kuiweka. Nyumba hiyo haichimbwi ardhini. Hutengenezwa, na anayejua kuitengeneza ndiye mwenye kauli juu ya betri.

1. BETRI HUFANYAJE KAZI?

Betri ya aina hii ina ncha mbili, yaani ncha chanya na ncha hasi, na katikati yake kuna kimiminiko kiitwacho elektroliti. Kinachosafiri ndani ya kimiminiko hicho ni ioni, yaani atomu zilizopungukiwa elektroni moja. Betri inapojazwa umeme, ioni hutoka katika ncha chanya na kuingia katika ncha hasi. Elektroni nazo hupita nje, katika waya, zikielekea huko huko. Betri inapotumika, safari hugeuka: ioni hurudi zilikotoka, na elektroni zinazorudi kwa njia ya waya ndizo zinazowasha taa au kuzungusha mota.

Kwa hiyo ncha hasi ina kazi tatu. Kwanza, ipokee ioni nyingi. Pili, izirudishe karibu zote zinapohitajika. Tatu, ifanye hivyo maelfu ya mara bila kuvunjika. Katika betri za lithiamu, kazi hiyo hufanywa zaidi na madini ya kinywe. Kinywe ni kaboni iliyopangika kama bunda la karatasi, karatasi juu ya karatasi, na lithiamu huingia katikati yake kwa mpango wa atomu 1 kwa kila atomu 6 za kaboni. Kwa kipimo cha wataalamu, hiyo ni miliampea-saa 372 kwa kila gramu ya kinywe.

Msomaji atauliza: kama kinywe kinafanya kazi vizuri hivyo kwa lithiamu, kwa nini tusiweke sodiamu humo humo?

2. KWA NINI SODIAMU HAIKAI KATIKA KINYWE?

Sodiamu na lithiamu ni ndugu katika jedwali la elementi, lakini hawafanani kwa kila jambo. Atomu ya sodiamu ina uzito wa 23, ya lithiamu uzito wa 7. Ioni ya sodiamu ina nusukipenyo cha nanomita 0.102, ya lithiamu nanomita 0.076. (Nanomita ni sehemu moja kati ya milioni ya milimita.) Nafasi kati ya karatasi mbili za kinywe ni nanomita 0.335.

Kutokana na tarakimu hizi, maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba sodiamu ni kubwa mno, haipiti mlangoni. Maelezo haya hayatoshi. Potasiamu ni kubwa kuliko sodiamu, nayo huingia katika kinywe bila shida, atomu 1 kwa kila atomu 8 za kaboni. Kama ukubwa peke yake ndio ungekuwa sababu, potasiamu nayo ingekataliwa.

Sababu ya kweli ni mizania ya nishati. Ili ioni ikae katika kinywe, lazima kile kinachopatikana kwa kushikamana na kaboni kizidi kile kinachopotea kwa kuzipanua karatasi na kwa atomu kuliacha fungu la wenzake. Lithiamu ni ndogo, nayo hushikamana na kaboni kwa nguvu. Potasiamu hutoa elektroni yake kwa wepesi zaidi. Sodiamu imekosa yote mawili. Ndiyo maana, katika elektroliti za kawaida, kinywe hupokea sodiamu kidogo mno hata isifae kwa betri.

Tumeeleza jambo hili kwa urefu kwa sababu lina funzo la njia. Anayeridhika na maelezo ya kwanza yanayoonekana machoni angetafuta kinywe chenye mlango mpana zaidi, na angepoteza miaka. Tatizo halikuwa mlango tu. Ilihitajika kaboni ya namna nyingine kabisa.

3. KABONI ILIYOKATAA KUPANGIKA

Kaboni hiyo ilikuwa imekwisha kuchunguzwa nusu karne kabla ya kutakiwa. Mwaka 1942, wakati wa vita, Mwingereza Rosalind Franklin alianza kazi katika shirika la utafiti wa makaa ya mawe nchini mwake. Kuanzia 1947 aliendelea na utafiti wa kaboni mjini Paris kwa kutumia miali ya eksirei. Mwaka 1951 alichapisha matokeo yake. Wengi wanamfahamu kwa kazi yake iliyofuata juu ya DNA. Wachache wanajua kwamba alianza na makaa.

Franklin alionyesha kwamba kaboni zipo za makundi mawili. Kundi la kwanza likichomwa kwa joto kali, karatasi zake ndogo hujipanga na hatimaye kuwa kinywe. Kundi la pili hukataa. Hata likifikishwa nyuzi 3,000 za Selsiasi haliwi kinywe. Sababu ni kwamba mwanzoni kabisa, joto lingali dogo, vipande vyake hufungamana kwa viungo vikali katika pande zote, vikibaki na vitundu vingi katikati. Joto linapozidi, kila kipande kimekwisha kushikwa na wenzake, hakiwezi tena kugeuka ili kijipange. Kaboni za kundi hili ni ngumu zikisagwa, na hapo ndipo jina la kaboni ngumu lilipotokea.

Kwa muda mrefu kutopangika huku kulihesabiwa kuwa kasoro. Betri za kwanza za lithiamu zilizouzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991 zilitumia kaboni isiyo na mpangilio kamili, lakini baadaye kinywe kilishika nafasi yake kwa sababu hubeba lithiamu zaidi katika nafasi ndogo. Kaboni ngumu ikabaki na matumizi machache.

Mambo yaligeuka mwaka 2000. D. A. Stevens na J. R. Dahn wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, waliikausha na kuichoma glukosi, yaani sukari ya kawaida ya zabibu, hadi ikawa kaboni ngumu. Kaboni hiyo ilipokea sodiamu kiasi cha miliampea-saa 300 kwa gramu. Mwaka 2011 Shinichi Komaba na wenzake wa Tokyo walionyesha kwamba ikipewa elektroliti inayofaa, kaboni ngumu huweza kurudia kazi hiyo mara nyingi bila kuchoka upesi. Kilichokuwa kasoro kwa lithiamu kimekuwa sifa kwa sodiamu. Hakuna malighafi iliyo duni au bora yenyewe kwa yenyewe. Hupimwa kwa kazi inayotakiwa kufanya.

4. SODIAMU HUKAA WAPI?

Stevens na Dahn waliifananisha kaboni ngumu na karata zilizomwagwa ovyo mezani. Baadhi ya karata zimelaliana mbili tatu, nyingine zimeegemeana, na katikati yake mna mapango. Nafasi kati ya karatasi zake ni kiasi cha nanomita 0.36 hadi 0.40, pana kuliko ya kinywe.

Sodiamu inapoingia, voltiji haishuki kwa namna moja. Mwanzoni hushuka polepole kama mteremko. Ikifika karibu na volti 0.1 husimama kama uwanda, na sehemu kubwa ya sodiamu huingia hapo. Swali lilikuwa: mteremko ni nini, na uwanda ni nini?

Stevens na Dahn walisema mteremko ni sodiamu kuingia kati ya karatasi, na uwanda ni sodiamu kujaza vitundu. Mwaka 2012 Yuliang Cao na wenzake walitoa maelezo yaliyokaribia kuwa kinyume chake: mteremko ni sodiamu kushika kwenye nyuso, na uwanda ndio kuingia kati ya karatasi. Mabishano yakaendelea kwa miaka. Mwaka 2016 uchunguzi uliofanywa Cambridge kwa mwangwi wa sumaku wa viini vya atomu ulionyesha kwamba kwenye uwanda sodiamu huanza kuwa na tabia ya chuma, yaani atomu zake hukusanyika katika vifungu vidogo. Ushahidi wa namna hiyo umewafanya watafiti wengi waone kwamba vitundu vina sehemu kubwa katika uwanda, na kwamba kasoro za karatasi ndizo zinazoanza kushika sodiamu kwenye mteremko.

Mabishano haya yana maana kwa kiwanda. Kama sodiamu hukaa zaidi katika vitundu, basi anayetaka betri bora lazima ajue kuunda vitundu. Nadharia huongoza tanuri, na matokeo ya tanuri hurudi kuisahihisha nadharia.

5. TANURI LA MKAA NA TANURI LA KABONI NGUMU

Kila kijiji chetu kinawajua wachoma mkaa. Hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo ili hewa isiingie, kisha huwasha moto na kusubiri. Maji na moshi hutoka, kaboni hubaki. Kaboni ngumu hutengenezwa kwa kanuni hiyo hiyo: kuchoma bila hewa. Malighafi yake yaweza kuwa vifuu vya nazi, mbao, pamba, wanga, sukari, utomvu wa viwandani, au hata makaa ya mawe ya aina fulani.

Je, mkaa wa kijijini waweza basi kuwekwa katika betri? Hauwezi, na sababu zake ndizo kiini cha makala haya.

Kwanza ni joto. Mkaa wa kawaida hupikwa kwa mamia ya nyuzi tu, na bado una hidrojeni na oksijeni nyingi ndani yake. Umeme haupiti vizuri. Kaboni ngumu hupikwa kwa nyuzi 1,000 hadi 1,500, ndani ya gesi isiyounguza kama naitrojeni au agoni. Joto likipungua, kaboni huwa na kasoro nyingi mno. Likizidi sana, karatasi husogeleana na sodiamu hukosa mahali.

Pili ni vitundu. Mkaa wa kuchujia maji husifiwa kwa kuwa na vitundu vingi vilivyo wazi. Katika betri, vitundu vilivyo wazi ni hasara, kwa sababu elektroliti huingia humo, huharibika, na kujenga utando unaomeza sodiamu. Sodiamu yote ya betri hutoka katika ncha chanya. Inayomezwa siku ya kwanza hairudi. Kaboni ngumu nyingi hurudisha asilimia 80 hadi 90 tu katika duru ya kwanza. Kinachotakiwa ni vitundu vilivyozibwa, ambavyo kimiminiko hakiingii lakini sodiamu hupenya. Kuviziba bila kuviua ndiyo kazi ya fundi wa tanuri.

Tatu ni usafi. Mimea hunyonya madini kutoka ardhini, na madini hayo hubaki kama majivu. Vifuu vya shamba moja havifanani kabisa na vya shamba jingine. Hapana budi kuviosha kwa asidi na kuvipima kila shehena. Kiwanda cha betri hakiwezi kutumia kaboni inayobadilika tabia kila msimu.

Nne ni mavuno. Katika kilo 100 za glukosi, kaboni yenyewe ni kilo 40 tu. Hata tanuri likiwa kamilifu halitatoa zaidi ya hapo, na kwa kawaida hutoa pungufu. Tufanye hesabu. Gramu 1 ya kaboni yenye miliampea-saa 300, katika betri ya kiasi cha volti 3, hubeba karibu wati-saa 0.9. Kwa hiyo kilowati-saa 1 huhitaji zaidi kidogo ya kilo 1 ya kaboni ngumu. Kituo cha kuhifadhi megawati-saa 100 kitahitaji tani zaidi ya 110. Tukichukulia kwamba robo tu ya malighafi hugeuka kaboni, hizo ni tani 440 za vifuu vikavu kwa kituo kimoja. Kiasi hiki kinaweza kukusanywa. Lakini hakijikusanyi chenyewe, na kikitafutwa kwa kukata misitu, au kwa kuchoma wanga unaoliwa na watu, tutakuwa tumejenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Tano ni usalama. Kwa kuwa uwanda uko karibu sana na voltiji ambayo sodiamu huanza kujirundika juu ya kaboni kama chuma, betri ikijazwa kwa haraka mno huweza kuota miiba ndani na kuharibika.

6. BEI YA LITHIAMU NA MATOKEO YAKE

Sodiamu ni zaidi ya asilimia 2 ya gamba la dunia. Lithiamu ni kama gramu 20 katika kila tani. Tena sodiamu haichanganyiki na alumini, kwa hiyo bati la shaba linalohitajika kwenye ncha hasi ya betri ya lithiamu laweza kuondolewa na kuwekwa la alumini, ambalo ni rahisi zaidi. Hizi ni faida za kweli. Upungufu wake ni kwamba, kwa uzito ule ule, betri ya sodiamu hubeba umeme kidogo kuliko betri bora za lithiamu.

Mwezi Novemba 2022 tani moja ya kaboneti ya lithiamu nchini China ilifikia karibu yuani 600,000. Fedha nyingi zilikimbilia sodiamu. Lakini mwisho wa 2023 bei hiyo ilikuwa imeshuka hadi karibu yuani 100,000, na wengi waliokuwa wakiisifu sodiamu walinyamaza. Kaboni ngumu ilikuwa bado ghali kuliko kinywe, na bila lithiamu ya bei kubwa faida ya sodiamu ilipungua. Kampuni ya Northvolt ya Sweden, ambayo Novemba 2023 ilitangaza betri ya sodiamu yenye kaboni ngumu, ilifilisika Machi 2025, ingawa sababu za kufilisika kwake zilikuwa nyingi. Faradion ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 2011, ilikuwa imekwisha kununuliwa na Reliance ya India mwaka 2022.

Nchini China mwendo ulikuwa tofauti. Watafiti wa Taasisi ya Fizikia mjini Beijing hawakuanza kwa kutafuta kaboni iliyo bora kuliko zote. Walitafuta inayotosha kwa bei ndogo. Mwaka 2016 walionyesha kwamba makaa ya mawe ya anthrasaiti, yakichomwa ipasavyo, hutoa kaboni isiyo na mpangilio inayofaa. Mwaka 2017 ilianzishwa kampuni ya HiNa. Mwaka 2019 kituo kidogo cha kilowati-saa 100 kiliwekwa Liyang. Juni 2024 kituo cha megawati-saa 100 kilianza kazi Qianjiang, mkoa wa Hubei. Kampuni ya CATL ilitangaza betri ya sodiamu ya wati-saa 160 kwa kilo mwaka 2021, na nyingine ya 175 mwaka 2025.

Tujiulize: je, China ina chumvi nyingi kuliko Sweden au Uingereza? Chumvi haikuwa ndiyo iliyoamua. Kilichoamua ni maabara, matanuri, mafundi na subira ya kuendelea bei ilipoanguka.

7. MAMBO HAYA YANATUHUSU VIPI?

Yanatuhusu kwa njia tatu.

Kwanza, Tanzania ina kinywe kingi, hasa Mahenge na mkoani Lindi. Kada anayeshangilia betri ya sodiamu na papo hapo akatarajia iongeze soko la kinywe anajipinga mwenyewe. Betri ya sodiamu haihitaji kinywe. Hii haina maana kwamba kinywe kimepoteza thamani, kwa kuwa betri za lithiamu bado zinakitumia kwa wingi. Maana yake ni kwamba madini yaliyolala ardhini hayana ahadi ya milele. Ujuzi mpya uliozaliwa mbali waweza kuyapunguzia kazi kabla hatujayachimba.

Pili, pwani yetu, kutoka Kilifi na Kwale hadi Tanga, Mafia na Zanzibar, ina minazi, na vifuu vyake hutumika zaidi kama kuni. Magadi nayo yapo: Kenya imechimba magadi ya Ziwa Magadi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na kaboneti ya sodiamu ni moja ya malighafi za ncha chanya. Lakini tukiuza vifuu kwa gunia na magadi kwa tani, kisha tukanunua betri kwa fedha za kigeni, tutakuwa tumebadili jina la bidhaa tu. Uhusiano wa zamani utabaki pale pale.

Tatu, kaboni ngumu ni fani ambayo mlango wake wa kuingilia si mrefu sana. Tanuri dogo la maabara linalofika nyuzi 1,500, mtungi wa gesi, asidi ya kuoshea, na kifaa cha kupimia betri ndogo za majaribio: hivi si vitu vya ndoto kwa chuo kikuu. Mwanafunzi wa kemia aweza kuanza na vifuu vya Mafia na kuuliza maswali yale yale yaliyoulizwa Dalhousie. Kinachohitajika zaidi ni kuendelea kwa miaka, si kwa msimu wa mradi mmoja.

HITIMISHO

Tumeona kwamba betri ya sodiamu ni jambo la kweli, si porojo, na kwamba katika baadhi ya nchi imekwisha kuingia kazini. Tumeona pia kwamba wingi wa chumvi si ufunguo wake. Kati ya chumvi na betri kuna kaboni ngumu, na kati ya kifuu na kaboni ngumu kuna joto linalopimwa, vitundu vinavyozibwa, majivu yanayooshwa, na watu waliosoma.

Kwa hiyo kada akiulizwa mkutanini kama chumvi ya bahari itatupa betri, asijibu ndiyo wala hapana kwa haraka. Aulize naye: ni nani kati yetu anayejua kuipika kaboni yake, anajifunzia wapi, na tanuri lake limewashwa? Jibu la maswali hayo ndilo litakaloonyesha kama tutatengeneza betri au tutaendelea kuzinunua.